Siku Nilipowakataa Wauaji

Rafiki yangu wa Bujumbura ndiye aliyenipa ile albamu, simu kwa simu. Ni muziki mzito wa Wazungu: magitaa yananguruma, ngoma zinakimbia kama zimefukuzwa, na mwimbaji anakoroma kutoka tumboni. Kila wimbo unahusu muuaji wa kweli, na jina lake ndilo jina la wimbo. Niliipenda mno, wala si kwa kelele peke yake. Nilipenda kwamba huko kwao mtu akiua, anatajwa.

Baba yangu aliuawa kijijini kwetu Lubarika kwa ugomvi wa mpaka wa shamba la mpunga. Aliyemuua anajulikana. Tulipohamia Nyamianda, mtaa wa Uvira, naye akahamia, akaokoka, akapewa kwaya ya kanisa letu aiongoze. Kila Jumapili mama alimpa mkono wa salamu. Nyumbani kwetu jina lake halikutamkwa, nami nilikua nalo kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja mama akaisikia albamu kupitia ukutani.

"Weye! Ni nini iko inalia mule?"

"Ni muziki, mama."

"Muziki gani? Ile ni muntu banachinja! Minye sitaki mashetani mu nyumba yangu."

Jumapili iliyofuata nikapigishwa magoti mbele ya kanisa zima. Kwetu pepo hutolewa kwa jina: muombaji anataja, mgonjwa anasema "nakataa", waumini wanapaza sauti, "Toka!" Basi mama muombaji wa kanisa, si mama yangu, akashika simu yangu, akayasoma majina ya nyimbo akidhani ni ya mapepo. Wauaji wa Ulaya na Amerika, ambao hawakuwahi kuisikia Uvira, wakafukuzwa Uvira mmoja mmoja. "Toka!" Mabenchi yalitikisika. Sauti nene kuliko zote ilikuwa ya kiongozi wa kwaya. Mwanzoni nilibana kicheko. Kisha hasira ikanipanda.

"Iko ingine ulibakisha?" mama muombaji akaniuliza. "Itaje, mutoto wangu, usifiche."

"Iko moja," nikasema. Nikataja jina la kiongozi wa kwaya, na la baba yake, asije mtu akasingizia kuwa ni mwingine. "Ni yeye aliua baba yangu. Nakataa."

Watu waliokaukiwa koo kwa kufukuza Wazungu wasiowajua wakatazama viatu vyao. Mama muombaji akaizima simu yangu, kana kwamba jina limetoka humo.

Ndipo nikasikia sauti moja nyuma yangu, upande wa wanawake: "Toka!"

Ilikuwa ya mama. Mama yangu alikuwa hajawahi kupaza sauti kanisani. Akarudia, peke yake, amesimama: "Toka!"

Kiongozi wa kwaya akakohoa, akainua mkono, akaanzisha wimbo wa kufunga ibada. Na wote wakaitikia. Waliimba vizuri pia. Kwaya yetu inasifiwa mpaka Sange.