Jina Langu Juu ya Kazi Yake

Niliikagua kazi ile mara tatu. Naanza na hilo kwa sababu bado najitetea, hata nikiwa peke yangu.

Duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Kisii linaendeshwa kwa programu aliyoiandika mwenzangu kwa miaka mingi. Kila alipobadilisha kitu, mfumo wa zamani wa kutunza matoleo uliweka kumbukumbu: jina la aliyebadilisha, tarehe, na maneno machache ya kueleza. Nilipoajiriwa alikuwa tayari mgonjwa. Tulifanya kazi pamoja miezi minne, yeye kitandani kwao Birongo, mimi dukani. Kisha tukamzika.

Baada ya mazishi tajiri wetu, Mhindi aliyerithi duka kwa babake, aliniagiza nihamishe kila kitu hadi mfumo mpya. "Kijana, sitaki kitu hata kimoja kipotee."

Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kwa video na kwa kukosea. Programu ya kuhamisha ilikwama ikidai orodha ya majina ya waandishi. Nikaweka langu kwa wote ili iendelee, nikijiambia nitarekebisha. Kisha nikalinganisha faili moja moja, hadi herufi ya mwisho. Zote zililingana. Kwa furaha nikaifuta diski ya zamani, yenye kumbukumbu zile, siku hiyohiyo.

Dada mdogo wa marehemu alikuja Jumapili. Anasomea kompyuta Nyamira.

"Nataka tu kuona alichofanya mwisho mwisho," alisema. "Nyumbani wanasema ugonjwa ulikuwa umeshachukua akili yake. Mimi najua alikuwa anafanya kazi."

Nikafungua orodha ya mabadiliko. Jina langu. Jina langu. Jina langu.

"Kwani yeye hakufanya kitu?"

Nilimweleza. Miaka ya kabla yangu ningeweza kumrudishia kwa kufuata tarehe. Miezi ile minne, hapana. Tulishika faili zilezile, na hata maelezo yangu yalifanana na yake, maana nilikuwa namwiga.

Akasogea karibu na skrini. "Hii, 'nimesahihisha orodha ya mabati', ni yake?"

"Sijui."

"Na hii?"

"Dada, kweli sijui. Na nilikagua mara tatu."

"Ulikagua nini sasa?"

Nikamwonyesha faili zilivyolingana; majina sikuwa nimeyaangalia. Akasema, "Basi mpe zote."

Nilijua si sahihi. Nikaweka jina lake kwenye zote. Akapiga picha kwa simu akawaonyeshe watu wa nyumbani, akanishukuru.

Sikumwambia kwamba ndani ya miezi hiyo kuna badiliko moja ninalolijua bila shaka kuwa langu: lile lililosimamisha mauzo kutwa nzima, wateja wakarudi Mosocho mikono mitupu. Sasa lina jina la marehemu, wiki mbili kabla ya kifo chake. Yeyote atakayelifungua ataona mtu ambaye akili ilikuwa imeanza kumtoka.