Nyavu Zetu Walizoziita Takataka

Mimi sikusoma sana, lakini omena, dagaa wa ziwa letu, naijua. Nimeianika kwenye ufuo huu tangu mama mkwe wangu anifundishe, akinigonga vidole kwa mwiko kila nilipoitandaza nene. Hakuna mtu wa ofisi atakayeniambia kitu.

Walikuja Jumamosi, basi zima, wamevaa fulana za buluu kama watoto wa mama mmoja. Kampuni yao huko mjini iliwapa siku moja ya kusaidia vikundi. Chetu ni kikundi cha akina nyanya. Tunawapikia chakula cha mchana watoto wa shule ya nasari pale juu ya ufuo, na omena tunayoanika Jumamosi ndiyo wanayokula wiki nzima. Katibu wetu aliwaandikia wazi: tunataka mikono ya kubeba mabeseni na kugeuza omena. Wao wakaja na glavu na magunia. Walikuwa wameshaamua kwao kwamba sisi tunataka kusafishiwa.

"Leo mpumzike, Shosho," aliniambia kiongozi wao, msichana mwenye kipenga shingoni. "Sisi tuko hapa."

Shosho! Huku kwetu nyanya huitwa Dani, na kupumzika nitapumzika kaburini. Lakini mashua zilikuwa zinaingia, tukashuka majini na mabeseni yetu.

Tuliporudi na omena mbichi kichwani, maji yake yakitutiririka shingoni, ufuo ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha mjane.

"Nyavu ziko wapi?" nikauliza.

Mtu asiyejua akiona nyavu kuukuu zimetandazwa chini, viraka juu ya viraka, ataona taka. Mimi naona meza. Wavu unaiinua omena kidogo kutoka kwenye mchanga, upepo unapita chini yake, na kufikia saa nane imekauka.

"Zile zilizooza?" msichana akacheka kwa furaha. "Tumetoa zote, Shosho! Lori limeshazipeleka jalalani!" Akapiga makofi. Wenzake nao wakapiga makofi.

Jirani yangu, ambaye hajanyamaza tangu aolewe, alitua beseni mchangani. Akapata neno moja tu la uchungu: "Yawa!"

Omena haisubiri mtu. Ikikosa jua la mchana inanuka, na ikinuka ni ya kuku. Nikawaona akilini wale watoto Jumatatu, na ugali mtupu mbele yao.

Nikatazama huku na huku. Katikati ya miti miwili walikuwa wametundika bango lao la plastiki, refu kama basi lao, na sura ya mkubwa wao inatabasamu. Nikaanza kufungua kamba.

"Shosho, hapana! Hilo ni la kupigia picha!"

"Na picha inaiva kwa dakika ngapi, nyathina, mwanangu?"

"Mkurugenzi anakuja saa sita!"

"Vizuri. Atakuta kazi."

Tukalitandaza, tukaimwaga omena. Plastiki inashika maji, omena inatoka jasho chini, kwa hiyo lazima igeuzwe na kugeuzwa. Nikawapigisha magoti wote.

"Kwa mkono?" msichana akauliza.

"Si mna glavu?"

Mmoja alitapika nyuma ya mashua. Sikumpa pole. Mkurugenzi alipofika, viatu vinang'aa, alikuta omena imelala juu ya sura yake pale bangoni.

"Nani ameruhusu hii?"

"Mimi. Toa viatu, Baba, unakanyaga chakula."

Akatoa. Soksi zilikuwa na tundu.

Saa tisa wingu likapanda kutoka ziwani. Nikapaza sauti, wakashika bango pande zote na kukimbia nalo mpaka ndani ya nasari, omena imetulia katikati. Angalau kukimbia wanajua. Watoto walikula wiki ile.

Kabla ya kupanda basi wakaomba bango lao. "Leteni nyavu zetu," nikawaambia, "mchukue sura ya mkubwa wenu."

Nyavu hazijaja mpaka leo. Kilichokuja ni cheti chenye muhuri, kinachosema ufuo wetu ni safi. Katibu amekitundika ukutani. Mimi kila Jumamosi naigeuza omena mara tatu kwa sababu ya plastiki yao, mgongo unanilia, na nikifika kwenye lile tabasamu la bangoni, omena iliyoganda hapo naikwangua kwa kucha.