Kompyuta Aliyoifunga Mtani

Mchana wa huku kwetu Dunda, pwani, baada ya adhuhuri, una usingizi wake. Pazia linavimba, linatulia, linavimba tena, unaweza kusema nyumba yenyewe inapumua. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kwa rafiki yangu. Mbele yetu kompyuta ya marehemu mama yake, ile ya zamani yenye boksi zito linalonguruma, imewaka na inadai paswedi. Na paswedi hatuna.

Mama yule alikuwa mwimba kaswida. Mimi nimekula kwake toka sina meno ya mbele, kwa hiyo nikisema mama hapa, namaanisha mama. Kaswida zake alizirekodi mwenyewe humo chumbani, kwa maiki ya waya, zikabaki kwenye hiyo mashine. Hakuna mahali pengine zilipo. Na rafiki yangu alishaniambia, tena kwa aibu, kwamba sura ya mama bado anaiona, ila sauti imeanza kumpotea.

"Nikilala naisikia," alisema. "Nikiamka haipo, mwana. Naitafuta haipo."

Paswedi aliiweka mtani, siku ya msiba. Hawa ni Wakwere, na mtani wao ni Mnyamwezi mmoja anauza viatu vya mtumba sokoni. Msibani kazi ya mtani ni vituko, watu wapate kucheka. Basi akajifunga kanga ya marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akaficha miiko yote ya kupikia. Halafu akaingia chumbani akaifunga kompyuta, ambayo toka inunuliwe haijawahi kuwa na paswedi, akatoka anatangaza uani, "Bibi yenu nimemfungia ndani! Haimbi mtu mpaka niletewe jogoo!"

Jogoo akaletewa. Akala. Paswedi akasahau.

Nilimfuata sokoni nikiwa nawaka, rafiki yangu nyuma yangu.

"Wewe, njoo ufungue kile kitu!"

"Dogo, punguza moto. Nimeshajaribu jina la mke wangu, nimejaribu jina la ng'ombe wa baba..."

"Ng'ombe unamkumbuka, paswedi huikumbuki!"

Rafiki yangu akanivuta shati. "Mtani hakasirikiwi bwana. Ndivyo ilivyo."

"Mimi si Mkwere. Mimi namkasirikia."

Hapo yule Mnyamwezi akaacha kucheka. Akachukua kiatu kimoja akawa anakifuta, na kiatu chenyewe kilikuwa kisafi. Akasema siku ile mle chumbani alijikuta peke yake, kakaa kwenye kitanda cha mama, na machozi yakamshika. Mtani haonekani analia msibani. Akaandika neno lililomjia, mashine ikamwambia rudia, akarudia, akajifuta uso na ile kanga, akatoka na kelele zake.

"Neno lenyewe limeondoka na yale machozi," alisema. "Wallahi nalitafuta hata nikiwa nakula."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Tukaipeleka kompyuta Kerege kwa fundi. Fundi hata hakuigusa. "Hiyo piga window upya, mambo yaishe." Yaani afute kila kitu, mama na sauti yake, kama anavyofuta vumbi. Nikamwambia akapige window nyumba ya baba yake. Rafiki yangu aliniomba nishushe sauti, nikashindwa, tukaondoka na boksi letu.

Kompyuta sikusomea darasani. Nimejifunza kwenye simu, video za watu, kwa Kiingereza cha kukisia. Kwa hiyo mchana ule wa pazia nilikuwa na flash niliyoiandaa kwa laptop ya kuazima. Nia yangu niiwashe mashine kupitia flash, niingie kama kwa mlango wa uani, nibadilishe faili moja tu. Baada ya hapo, kwenye ule ukurasa wa paswedi ningepata kidirisha cheusi cha kuipa mashine amri.

Mtani alikuja akakaa kizingitini. Hakutania.

Mara ya kwanza ikagoma. Chumvi ya bahari ilishakula tundu la nyuma la kuchomekea, nikahamishia flash la mbele.

"Ukikosea, zinafutika?" rafiki yangu akauliza.

"Sikosei."

Feni ya lile boksi ilinguruma, ikapungua, ikanguruma, nami nikaanza kuona kama tupo chini ya maji wote watatu, tunasubiri kitu kielee. Kwenye kanga zilizotundikwa ukutani udi wa mama ulikuwa haujaisha.

Kidirisha cheusi kikafunguka. Nikaandika amri ya kuondoa paswedi, taratibu, herufi moja moja. Nikazima. Nikawasha.

Ikapita moja kwa moja.

Rafiki yangu akabonyeza faili la juu kabisa. Kwanza mkwaruzo wa maiki. Kikohozi. Kisha mama, karibu mno, kama kakaa na sisi mkekani. "Imewaka hii? Mbona haisemi?" Akavuta pumzi, kaswida ikaanza.

Ubeti wa kwanza haujaisha, rafiki yangu akairudisha mwanzo. Kikohozi. "Imewaka hii?" Akairudisha tena. Kizingitini mtani alikuwa analia wazi, kamasi na yote, na hakuna aliyemsema. Mimi nilitazama pazia.

"Imewaka hii?" mama akauliza tena. "Mbona haisemi?"

"Imewaka, mama," rafiki yangu akamjibu, safari hii akatoa mkono kwenye mashine. "Imba."