Mtumbwi wa Mama Ukumbini

Kwetu Mabira mtumbwi hauingii majini. Ni gogo lililochongwa ndani, tunakanyagia ndizi mbivu za rubisi, pombe yetu. Wa mama aliuchonga marehemu baba. Jirani akiuazima, kuurudisha mikono mitupu ni aibu. Anarudi na kibuyu cha rubisi, anakaa, wanazungumza mpaka jua linashuka. Mama ni mjane, yuko peke yake kwenye kibanja, shamba lake la migomba. Watu waliomtembelea walikuja kwa sababu ya ule mtumbwi.

Mdogo wangu ni msanii mjini Kayanga. Alitaka vyombo vya zamani vya kutengenezea sanamu, akauomba mtumbwi, mama akakataa. Basi mimi, mtu mzima na watoto wangu, nikamdanganya mama kwamba ule ufa wa ubavuni mwa mtumbwi unataka fundi, na mdogo wangu anamjua mmoja. Nilidanganya huku nakula matoke yake, naye akautoa. Miezi ikapita. Majirani walikuja kuuulizia, kisha wakaacha kuja.

Siku ya maonyesho ya mdogo wangu, nikampeleka mama Kayanga. Akavaa kitenge cha kanisani. Ukumbini pasi za mkaa zilikuwa zimegeuzwa kuku, na masufuria yaliyotoboka yamekuwa nyuso. Mbele kabisa ulisimama mtumbwi wetu, wima, umetobolewa na kufungwa vijiko kwa waya. Kibao chake kiliandikwa "Mama". Wageni kutoka Bukoba walikuwa wanapiga picha.

Mama akapitisha kidole kwenye matundu, moja baada ya jingine.

"Fundi wenu hodari," akaniambia polepole. "Ufa kauacha, kaongeza matundu."

Wageni wakacheka, wakidhani bibi ana utani. Mimi nilikosa pa kuweka uso.

Mdogo wangu akaja mbio. "Shikamoo mama. Umeuonaje?"

"Marahaba. Uliazima mtumbwi, mwanangu. Kibuyu kiko wapi?"

Mdogo wangu naye akacheka, akachukua chupa ya maji kwenye meza ya wageni, akampa kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, Mungu anisamehe.

Mama alirudi nayo Mabira, akaiweka pale ukutani mtumbwi ulipokuwa unaegemea. Hajaifungua mpaka leo. Nikienda kumsalimia ananipokea vizuri tu, ananipikia. Nikimuuliza kama kuna mtu amepita wiki hii, ananionyesha ile chupa kwa kidevu.