Mchi Mkononi mwa Magloire

Tarehe 9 Novemba 2022 mvua ilinyesha Kabambare tangu alfajiri. Magloire alikuwa kitandani bado. Mwezi uliopita, majambazi walivamia shimo la dhahabu Salamabila, alikokuwa akichimba, wakampiga nyundo kichwani mpaka mfupa ukabonyea. Mkono wa kulia ukapooza.

Ndugu zake walisema apumzike tu. Léocadie, mkewe, aliogopa mkono usije ukafa moja kwa moja. Muuguzi alikuwa amemweleza kwamba ubongoni kuna chembe saidizi: huokota kichocheo cha ukuaji kilichomwagwa na chembe za neva, hukitunza, kisha hukiachia tena ubongo ukifanyishwa kazi, kama vile mkono ukilazimishwa kutumika. Léocadie akamfunga mumewe mchi mkononi kwa kitambaa, mbele ya kinu chenye majani ya muhogo.

“Twanga sombe, Baba Grâce,” alimwambia.

“Unaniua, mama.”

“Wale wa nyundo walishindwa, mimi nitaweza wapi? Twanga.”

Alitwanga akilia na kutukana.

Kesho yake asubuhi kidole gumba tu kilitikisika. Magloire alijikokota hadi kwenye kinu, akaunyanyua mkono uliopooza kwa ule mzima, ili mkewe aufunge tena kwenye mchi.