Picha Aliyoisafisha Habakuki

Habakuki, mpiga picha wa Korogwe, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: usafi. Ukienda kwake kola yako imepinda, anaacha kamera aje kukunyoosha. Chunusi yako anaikwangua kwa wembe juu ya filamu, taratibu, ulimi nje, na ukija kuchukua picha unajikuta mzuri kuliko ulivyozaliwa. Wateja walimpenda kwa hilo, na yeye alijipenda zaidi.

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, alitumwa Handeni kuwapiga picha watu kabla hawajahama. Mama mmoja wa Kizigua, Zamda, alimwomba ampige mbele ya nyumba yake, ila akasisitiza ukuta wa jikoni uonekane wote. Habakuki akamcheka moyoni. Ukuta wa jikoni una nini cha kutazamwa? Akapiga, akaenda zake. Siku chache baadaye nyumba ikabomolewa.

Mwaka uliofuata ukaandaliwa mnada pale Chanika ya Handeni, wa kuchangia zahanati ya kijiji kipya. Habakuki akajitolea kutoa picha, na ile ya Zamda alitaka ivipite vitu vyote vilivyotolewa na wengine. Ilikuwa nzuri kweli. Lakini chini ya ukuta palikuwa na mawe meupe matatu na kigae cha chungu. Kwa Habakuki, aliyekulia milimani Usambara, hayo yalikuwa mafiga ya zamani, takataka. Akachukua wembe, akaikwangua filamu mpaka pakabaki udongo mtupu. Akaikuza picha, akaitia kwenye fremu ya kioo, akapanda nayo basi ameipakata.

Watu waliisifu sana. Kabla haijanadiwa, Zamda, aliyekuja na wanakijiji wenzake, akaisogelea.

"Shikamoo, mama. Umejiona ulivyopendeza?" Habakuki akamuuliza.

"Marahaba, baba." Hakujitazama. Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya kioo, chini ya ule ukuta, kinakwenda na kurudi. "Mwanangu yuko wapi?"

Habakuki hakuelewa. Zamda akamweleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mtoto wake wa kwanza alikufa kabla ya kupewa jina, akazikwa pale ukutani, chini ya yale mawe, karibu na joto la jiko, ndivyo walivyofanya kwao.

"Niliambiwa siwezi kuhama naye," alisema. "Nikasema basi, nitamchukua kwenye picha."

Habakuki aliukumbuka wembe wake. Angechapa nyingine wapi, na filamu ndiyo ile ile aliyoikwangua? Akaitoa picha mnadani bila kumwomba mtu ruhusa. Mnadi alifoka, yeye hata hakumsikia.

Kesho yake akaenda na Zamda kwenye mahame, pale nyumba yake ilipokuwa. Mvua ilikuwa imeyeyusha kuta zote na nyasi zimefika kiunoni. Habakuki alifyeka, akapiga magoti, akapapasa ardhi kwa viganja mpaka suruali yake ya pasi ikajaa matope. Hakupata jiwe hata moja. Kila mara aligeuka nyuma, kwa kuwa alihisi kuna mtu mdogo amekaa anamtazama. Hakuwako mtu, na aliogopa kuliko kama angekuwako.

Jua lilipoinama, Zamda akasimama mahali. "Piga hapa."

"Una hakika, mama?"

"Piga, baba. Tunachelewa."

Huko Korogwe wembe ulimshinda. Kila kovu, kila doa lililomjia kwenye filamu, alijiuliza ni la nani, akaliacha. Wateja wakanung'unika, wengine wakahamia kwingine. Picha ya mahame ilipotoka ilikuwa nyasi tupu kutoka pembe hadi pembe, naye akampelekea Zamda hivyo hivyo, kwa aibu, bila fremu.

Zamda akaifuta kwa ncha ya kanga, akaitazama, kisha akaiinua mbele ya uso wa Habakuki.

"Unamwona?"

Habakuki alizitazama zile nyasi kwa muda mrefu.

"Namwona, mama."

"Haya," Zamda akasema, akimsogelea. "Amefanana na nani?"