Mashahidi wa Madam Mwanaidi

Mwaka juzi, katika mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, wanafunzi thelathini na mmoja wa sekondari moja ya Busi waliandika insha ya vita vya Maji Maji, na wote thelathini na mmoja wakamwambia msahihishaji atazame ramani ukurasa wa kumi na nne. Ukurasa wa kumi na nne wa nini? Wa kijitabu cha madesa, majibu ya kumeza yaliyokwisha kuandaliwa, walichokikariri kuanzia jalada hadi namba ya simu ya mchapaji. Msahihishaji akajibu kwa kalamu nyekundu: "Sina kitabu chenu." Shule ikashika mkia wilayani kwa Historia.

Mwalimu wa somo ni Mwanaidi Nurdini, Mrangi wa hapo hapo Busi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Mwalimu mwingine angelaumu watoto, halafu wizara, kisha angekwenda kunywa chai. Yeye alizisoma upya karatasi zote. Akaona kwamba watoto hawakuwa wameandika uongo. Waliandika kweli tupu, ila hawakujua wanasema nini.

Babu yake, Mzee Mbwana, alikuwa mjumbe wa baraza la kata, kule watu wanakogombania mipaka ya mashamba. Pale ukisema fulani kamega shamba lako, unaulizwa: lini? Upande upi? Nani alikuwepo? Mwanaidi akalihamishia baraza darasani. Mwenye hoja anasimama mbele, na darasa linadai shahidi: mwaka, mahali, tukio, na aeleze linajibuje swali. Akikwama, hoja inafutwa ubaoni. Kugombana ruksa kwa Kiswahili, hata Kirangi. Kiingereza kitafuata wakati wa kuandika.

Mkuu wa shule, Mwalimu Meshack, akachungulia dirishani.

"Madam, hili darasa au mnada?"

"Historia hii, Mkuu."

"Wiki nzima hoja mbili! Mwalimu Filipo angekuwa ameshatoa thelathini."

"Za Filipo zinalala kwenye daftari, Mkuu."

Mkuu hakucheka. Alimpa muda hadi moko inayofuata: wakishika mkia tena, kidato cha nne kinahamia kwa Filipo, mwalimu anayewasomea watoto notsi bila kuinuka kitini.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa Amina, bingwa wa kukariri.

"Madam, mimi nina hoja zangu sita na hitimisho lake. Zinanitosha."

"Haya mama, simama. Ya kwanza?"

"Kulazimishwa kulima pamba."

"Nani alilazimishwa? Wapi?"

"Watu."

"Watu gani, wa gulioni?" Mudrick wa dawati la nyuma akadakia, darasa likaangua kicheko. Amina akakaa, machozi yakimlengalenga. Siku mbili nzima akimwona mwalimu anakata kona.

Siku ya tatu Mwanaidi akamfuata bombani. "Shikamoo," Amina akasema, macho kwenye ndoo.

"Marahaba. Niliwaacha wakakucheka, nilikosea. Lakini kichwa kinachobeba kijitabu kizima, kitashindwaje kubeba sababu moja?"

Wiki iliyofuata Amina alisimama bila kuitwa. "Wamatumbi, mwaka 1905, waling'oa pamba shambani. Mudrick, una swali?" Mudrick akauandika mwaka huo daftarini.

Moko ikaja na swali limepinduliwa: kwa nini baadhi ya jamii hazikujiunga na Maji Maji? Shule za jirani watoto walimwaga sababu za vita kama walivyozikariri, swali likabaki linawashangaa. Amina alianza na Wahehe, waliokuwa wametoka kupigana na Wajerumani miaka michache tu nyuma na kupoteza watu wengi. Muda ulimwishia kwenye hoja ya nne. Alipata kumi na moja kati ya kumi na tano. Shule ikapanda hadi nafasi ya tisa, na kwa waliozoea mkia, tisa ni mlima.

Mkuu akamwita Mwanaidi ofisini, akamsogezea ratiba mpya. Kidato cha nne: Mwanaidi. Kidato cha tatu: Mwanaidi. Ndivyo tunavyowashukuru watu kwetu, kwa kuwaongezea mzigo.

"Na Filipo, Mkuu?"

"Ameomba aje kukaa nyuma ya darasa lako, asikilize."

"Akae mbele," Mwanaidi akasema, akiikunja ratiba. "Na ajiandae, Jumatatu anatoa hoja ya kwanza."